Kuunga pedi ya Super Nintendo kwenye gemu la kaseti za njano kwa waya tano tu

Mashine zenyewe hizi hazifi kirahisi, kinachokufa ni pedi. Nimeshafungua gemu nyingi za kaseti za njano, zile tulizokua nazo, na mara nyingi nakuta bodi iko nzima, kaseti ukiipangusa meno inasoma, picha inakuja safi, ila pedi ndo basi tena, waya umekatikia shingoni au chipu ya ndani imekufa, na mwenye gemu ashaiweka juu ya kabati miaka na miaka kwa kuwa pedi yenye plagi ile haipatikani dukani. Inaniuma nikiona hivyo maana dawa ipo na haihitaji kompyuta wala programu yoyote. Pedi ya Super Nintendo inaongea lugha ileile ya gemu hizi, unachohitaji ni kuunganisha waya tano kila mmoja na mwenzake, basi. Hapa naelekeza mwanzo mpaka mwisho jinsi ninavyofanya mimi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kweli pedi imekufa. Kama ni kitufe kimoja au viwili ndo vigumu, fungua skrubu, toa ile raba, angalia vile vidoa vyeusi vya chini yake, vipanguse na pamba yenye spiriti kidogo, na bodi pia ipanguse pale raba inapogonga. Pedi nyingi zinapona hapo. Kama inafanya kazi ukiushika waya kwa pembe fulani na ukiuachia inakata, tatizo ni waya umekatika pale unapoingia kwenye pedi, kata sentimita 5, lehemu upya, umemaliza. Ikiwa hakuna kitufe hata kimoja kinachoitika na waya umeupima ni mzima, hapo endelea na mimi. Na hiyo pedi mbovu usiitupe, plagi yake na waya wake ndo mtaji wetu.

Kwa nini inakubali

Gemu za kaseti za njano ni nakala za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la NES kuanzia 1985. Pedi yake ina vitufe nane ila waya ni tano tu: graundi, umeme wa volti 5, lachi, kloki na data. Sasa vitufe nane vinapitaje kwenye waya mmoja wa data? Fikiria mwalimu anaita rejista. Lachi ni pale mwalimu anaposema "kimya, kaeni kama mlivyo", chipu ya pedi inashika hali ya vitufe vyote kwa wakati ule. Halafu kloki inagonga, na kila ikigonga mwanafunzi anayefuata anajibu: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Aliyebonyezwa anajibu kwa volti 0, asiyebonyezwa kwa volti 5. Hii inafanyika kama mara 60 kwa sekunde, au 50 kwa mashine za mfumo wa TV wa PAL.

Super Nintendo ilipotoka Japani mwaka 1990 utaratibu ukabaki uleule, darasa tu ndo likaongezeka likawa na nafasi 16. Na wanaotangulia kujibu ni hawa: B, Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Umeona? Nane wa mwanzo wamekaa foleni ileile. Mashine yetu ya zamani inaita majina nane inafunga rejista inaondoka, wala haijui kuna wengine nyuma. Kwa hiyo B ya pedi mpya inakuwa A, na Y inakuwa B. Vitufe A, X, L na R vitakuwa kimya kwa sababu vyenyewe vinajibu baada ya mashine kuondoka.

Vitu vya kuwa navyo

Pedi ya Super Nintendo au Super Famicom (ndo jina lake la Japani), hata ya kichina, ila angalia plagi yake: iwe ndefu yenye matundu saba kwenye mstari mmoja, manne pamoja, kizuizi, kisha matatu. Hapa watu wengi wanaumia. Kuna pedi zimejaa madukani zenye umbo lilelile na rangi zilezile lakini mwisho wa waya ni USB, hizo hazifai kwa kazi hii kabisa, ndani yake ni chipu nyingine inayoongea na kompyuta.

Waya wa kurefushia pedi ya Super Nintendo, ule wenye dume upande mmoja na jike upande wa pili. Tunahitaji upande unaopokea pedi. Unaweza kuikata pedi yenyewe ukaunga moja kwa moja, lakini mimi nakuomba usifanye hivyo kama pedi ni ya asili, zimebaki chache na ukishaikata haitaingia tena kwenye mashine yake. Tengeneza adapta, yaani kipande cha waya cha kuunganisha plagi hizi mbili, pedi ibaki kamili.

Plagi ya gemu lako, yaani waya wa ile pedi iliyokufa. Kama huna, na gemu lako linatumia plagi ya pini 9, tafuta waya wa zamani wa siriali wa kompyuta, ule wa modemu, upande wa jike unaingia. Ila zile skrubu mbili za pembeni inabidi uzitoe na plastiki uichonge kidogo ndo ikae. Na upime kila tundu limetokea wapi upande wa pili, kwa sababu nyingine zimepishanisha namba 2 na 3 na nyingine hawakuweka waya zote.

Zaidi ya hapo ni chuma cha kulehemu cha wati 30 hivi, risasi nyembamba, mita ya kupimia umeme, rezista moja ya om 1,000, na mpira wa kusinyaa kwa moto, ukikosa tepu ya umeme itatosha. Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi vyote hivi unavipata kwa mzunguko mmoja, waya wa Super Nintendo ndo utakusumbua kidogo, huo agiza mapema.

Hatua ya 1: jua kila waya wa gemu lako ni nani

Hii ndo kazi yenyewe, kulehemu ni dakika kumi tu. Usiamini rangi. Narudia, usiamini rangi. Mjomba wangu aliniletea pedi ya Super Famicom kutoka Muscat, ya asili kabisa, plastiki imekuwa ya njano kwa umri lakini vitufe laini kama mpya, nikaiunga kwa waya wa kurefushia ambao nyekundu yake nilidhani ni umeme, kumbe mtengenezaji wa ule waya aliweka nyekundu kwenye graundi na nyeusi kwenye umeme. Pedi ikapata umeme kinyume, nikahisi joto kwenye plastiki, nilipochomoa ilikuwa tayari. Sikuipata nyingine kama ile. Tangu hapo sigusi risasi kabla sijapima kila waya kwa mita.

Kwa plagi ya pini 9 mpangilio unaokutana nao mara nyingi ni huu: 2 data, 3 lachi, 4 kloki, 6 umeme, 8 graundi. Uchukue kama pa kuanzia tu, nakala hizi zilitengenezwa na viwanda vingi na kila kimoja kilikuwa na yake. Thibitisha hivi.

Kata waya wa pedi mbovu karibu na pedi, menya ncha tano, zitenganishe zisigusane, chomeka plagi kwenye gemu mlango wa kwanza. Gemu likiwa limezimwa kabisa, adapta ya umeme imechomolewa ukutani, weka mita kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika. Ncha moja ishike kwenye bati la nje la tundu la video, ile pete ya kuzunguka. Waya utakaolia ndo graundi. Andika.

Sasa fungua gemu utafute kitu chenye miguu mitatu kimefungwa kwenye bati la kupozea, kimeandikwa 7805. Maandishi yakikutazama na miguu iko chini, mguu wa kulia ndo unaotoa volti 5. Waya wa pedi utakaolia na mguu huo ndo umeme. Andika.

Zimebaki tatu. Washa gemu, weka kaseti, acha kwenye ukurasa wa kwanza ule wa kuchagua mchezo. Mita weka volti, ncha nyeusi kwenye graundi, pima zile tatu moja moja. Utakaosoma karibu na 0 ni lachi, kwa sababu unapiga kwa kitambo kidogo sana kisha unashuka. Mbili zilizobaki zote zitasoma karibu na 5, hizo ni kloki na data, na mita peke yake haiwezi kuzitenganisha.

Hapa ndo rezista inafanya kazi. Shika mguu mmoja wa rezista kwenye graundi, mguu wa pili gusisha kwenye waya mmoja kati ya hizo mbili huku mita inasoma hapohapo. Kloki inasukumwa na mashine yenyewe, haitishiki na rezista, itabaki juu. Data imening'inia tu inasubiri pedi, ukiigusa na rezista inaanguka chini kabisa. Na kuna uthibitisho mtamu zaidi, angalia TV: ukigusa data, mchezo unaanza wenyewe! Kwa mashine, data ikiwa chini maana yake kitufe kimebonyezwa, kwa hiyo ni kama umebonyeza vyote nane kwa pamoja, Start ikiwemo. Kila nikifanya hii mbele ya mtoto wa dada yangu anaomba afanye yeye.

Tumia rezista, usiguse kwa waya mtupu. Ukikosea ukagusa umeme na graundi kwa waya mtupu unaweza kuua ile 7805 au adapta ya umeme.

Ukimaliza andika kwenye karatasi: rangi gani ni nani. Halafu zima, chomoa.

Hatua ya 2: upande wa pedi ya Super Nintendo

Huku ni rahisi kwa sababu mpangilio wa plagi haubadiliki. Kata waya wa kurefushia, baki na kipande chenye upande unaopokea pedi, acha urefu wa kama sentimita 30. Itazame plagi: upande mmoja una pembe za mraba, upande wa pili umeviringa. Hesabu kuanzia upande wa mraba, wenye kundi la manne: 1 ni umeme, 2 kloki, 3 lachi, 4 data. Ruka kizuizi, 5 na 6 hazitumiki, na 7, ile ya mwisho kabisa karibu na mviringo, ni graundi. Ili usijichanganye kati ya mbele na nyuma, jiwekee kwamba umeme na graundi ziko ncha mbili za mwisho, umeme upande wa mraba na graundi upande wa mviringo.

Weka mita kwenye mlio, gusa kila pini na utafute waya wake. Waya wa kurefushia unaweza kuwa na waya saba ndani au tano tu, kama ni saba zile mbili zifunge tepu uziache. Andika rangi kwenye karatasi ileile, pembeni ya zile za gemu.

Hatua ya 3: kulehemu

Ingiza kwanza mpira wa kusinyaa kwenye waya, mmoja mnene kwa waya mzima na mitano myembamba kwa kila waya mdogo, maana ukishalehemu ndo unakumbuka na inabidi ubandue kila kitu. Menya milimita 5 kila ncha, pakaa risasi kila ncha peke yake kwanza, halafu ndo uzikutanishe: umeme kwa umeme, graundi kwa graundi, lachi kwa lachi, kloki kwa kloki, data kwa data. Waya nyingine za pedi hizi za bei rahisi zimesukwa na nyuzi kama za nguo ndani yake, na nyingine nyuzi za shaba zina rangi ya vanishi, risasi haishiki. Hizo ziunguze kidogo kwa ncha ya moto pamoja na risasi mpaka zing'ae, au kwangua taratibu kwa wembe.

Maungio yasiwe sambamba, kata kila waya kwa urefu tofauti kidogo ili hata mpira ukichanika yasikutane. Na fundo moja kabla ya ungio, ndani ya kifuniko chochote utakachoweka, mimi natumia kichupa cha plastiki cha dawa nimetoboa pande mbili. Fundo linazuia mtu akivuta pedi nguvu isifike kwenye risasi, na watoto wanavuta, hilo halina mjadala.

Hatua ya 4: pima kabla ya kuchomeka

Adapta ikiwa peke yake, haijachomekwa popote, pima mlio kati ya umeme na graundi. Isilie. Kisha pima kila waya na jirani yake. Kisha chomeka kwenye gemu bila pedi, washa, pima upande unaopokea pedi: pini 1 na pini 7 zikupe volti 5 hivi, umeme ukiwa 1. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba umegeuza, zima urudi hatua ya kwanza. Ikiwa sawa, zima, chomeka pedi, washa.

Zoea kuzima kila unapochomeka na kuchomoa pedi, mashine hizi hazikutengenezwa kwa mtindo wa USB.

Kucheza

Kwenye Contra, Y inapiga risasi na B inaruka. Kwenye Super Mario Bros., Y unakimbia, B unaruka, kidole gumba kinalala juu ya Y na kukunjikia B bila kunyanyuka, na kwa mkono wangu hii ni bora kuliko pedi ya asili ya mraba inayokuchoma kiganja. Utakachokosa ni tabo, vile vitufe viwili vya kupiga haraka haraka vilivyokuwa kwenye pedi nyingi za gemu hizi, kwa sababu tabo ilikuwa ndani ya pedi na sio ndani ya mashine. Kuna pedi za kichina za Super Nintendo zenye tabo zake, ukipata hiyo itafanya kazi hukuhuku.

Isipokubali

Hakuna kinachoitika kabisa: mara nyingi lachi na kloki zimepishana. Rudi upime, usibahatishe kwa kubadilisha waya ovyo.

Mhusika anatembea peke yake, au menyu inazunguka bila kuguswa: data inagusa graundi mahali fulani, au pedi haipati umeme. Kwanza angalia ungio la umeme.

Vitufe vinajibu lakini sivyo, ukibonyeza juu inasoma Start: kloki ina kelele, inahesabu zaidi ya mara moja. Nimekutana nayo kwenye waya mrefu sana. Fupisha adapta, na graundi ilehemu upya vizuri.

Pedi inapata joto: chomoa sasa hivi.

Tahadhari moja kubwa kuhusu umbo la plagi. Pini 9 ileile ilitumika kwenye Atari 2600 ya mwaka 1977 na kwenye Sega Mega Drive ya 1988, na zote zinaingia kwenye gemu la kaseti za njano kama zimezaliwa pamoja, lakini waya za ndani ni tofauti. Mega Drive inapeleka umeme kwenye pini 5, Atari kwenye pini 7. Usichomeke pedi ya hiyo kwenye hii kwa sababu tu imeingia. Adapta ukiimaliza bandika karatasi juu yake, andika ni ya mashine gani.

Ukitaka kwenda mbele

Waya hizihizi tano unaweza kuzipeleka kwenye kompyuta. Hapo ndo unahitaji bodi ndogo ya Arduino Pro Micro, ile ya volti 5 yenye chipu ya ATmega32U4, maana hiyo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi au pedi ya USB. Arduino za Uno na Nano za kawaida haziwezi hilo moja kwa moja, usinunue kwa kosa. Umeme na graundi vinatoka kwenye bodi, lachi, kloki na data zinakwenda kwenye pini yoyote tatu za kawaida. Programu inafanya kazi ya mwalimu: inainua lachi kwa maikrosekunde 12, inaishusha, inasoma data, hiyo ni kitufe cha kwanza, kisha inashusha kloki maikrosekunde 6, inainua, inasoma tena, mpaka imalize mara 8 kwa pedi ya zamani au 16 kwa ya Super Nintendo. Kumbuka 0 ndo kubonyezwa, wengi wanaigeuza hapo wanashangaa vitufe vyote vimewaka. Pini ya data iwashie ile rezista ya ndani ya kuvuta juu, ili pedi ikichomolewa bodi isisome uchafu.

Na wale wenye pedi za Bluetooth za PS4 au Switch nyumbani, kuna programu huria inaitwa BlueRetro, inakaa kwenye bodi ya ESP32, inapokea pedi hizo na kujifanya pedi ya zamani mbele ya mashine. Ila ESP32 ni ya volti 3.3 na gemu letu ni volti 5, kwa hiyo lachi na kloki zinazotoka kwenye gemu zipunguze kwa rezista mbili kabla hazijafika kwenye bodi. Anza na ya waya tano kwanza, ukishazijua hizo kwa mkono, huku hutapotea.